Kamera inapokosa mwanga

Binti wa jirani yangu hapa Nyakato alifanyiwa usaili wa kazi jioni, kwa njia ya kompyuta. Umeme ukakatika, akabaki na betri pamoja na mwanga wa dirisha lililokuwa nyuma yake. Waliomsaili wakasema sauti wanaisikia, sura hawaioni. Kesho yake akaniuliza anunue kamera ipi, maana dukani ameambiwa achukue yenye nukta nyingi.

Ushauri huo hautoshi. Kamera hukinga mwanga kama sisi tunavyokinga mvua. Ndani mna kidude cha kupokea mwanga, kilichogawanywa katika nukta. Kamera nyingi za kompyuta za mkononi zina nukta 1280 kwa 720, yaani laki 9 na ushee. Zinazosifiwa zina 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2. Vidude vikilingana ukubwa, kila nukta ya kamera hii ya pili hupata chini ya nusu ya mwanga. Ni kama kuondoa sufuria uani na kupanga vikombe vya kahawa. Mchana mvua ni kubwa, vyote hujaa. Jioni ni manyunyu.

Mwanga ukipungua, kamera ina mbinu mbili. Ya kwanza ni kukuza kidogo ilichopata, kama unavyoongeza sauti ya redio stesheni ikiwa mbali: mikwaruzo nayo hupanda. Kwenye picha, mikwaruzo hiyo ndiyo chenga. Ya pili ni kupunguza kasi, kutoka picha 30 kwa sekunde hadi 15, ili kila picha ipate muda zaidi. Ndiyo maana ukipunga mkono unaonekana kama moshi.

Kwa hiyo unapolinganisha kamera, uliza ukubwa wa kidude hicho na upana wa tundu la lenzi. Kisha mwombe muuzaji azime taa, uijaribu palepale.

Lipo na jingine linalotuhusu sisi weusi. Desemba 2009 nchini Marekani, wafanyakazi wawili wa duka waliijaribu kamera ya kompyuta ya HP iliyotakiwa kufuata uso wa mtu. Ilimfuata mwanamke Mzungu, lakini mwenzake mweusi haikumfuata. Kampuni ilieleza kwamba programu yake ilitegemea tofauti ya mwanga kati ya macho na mashavu, hivyo ingeweza kushindwa penye mwanga hafifu. Mwanga uliomtosha mmoja haukumtosha mwingine.

Binti nilimwambia asinunue kitu kwanza. Ageuze kiti, dirisha liwe mbele yake. Giza likiingia asogeze taa ya chaji: ukiivuta kutoka mita 2 hadi mita 1, mwanga unaokufikia huwa karibu mara 4. Wavuvi wa dagaa wanalijua hilo. Taa zao huzipeleka juu ya maji, hawaziachi ufukweni.

Wamempa nafasi nyingine wiki ijayo. Kamera ni ileile.