Jina Refu Lilivyoniumbua

Tunapofungua ukurasa wa intaneti, ni wachache wetu wanaojiuliza umeandikwa kwa lugha gani. Vijana wengi hutumia PHP, Python au JavaScript, lugha zinazomtua mtu nusu ya mzigo. Mimi kwa ukaidi wangu nilichagua C, lugha aliyoitunga Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Wenzangu walicheka. Lakini Apache ya mwaka 1995 na nginx ya 2004, seva zinazobeba sehemu kubwa ya intaneti, zote ni kazi ya C.

Nilikuwa naandika daftari la chama chetu cha mtaani: mwanachama aingize mchango na jina lake. Sasa, katika C hakuna anayekupimia nafasi. Nilitenga vyumba 20 kwa jina, na kimoja ni cha sifuri inayoonyesha mwisho, hivyo zikabaki herufi 19. Nani ana jina linalozidi hapo? Basi mama mmoja akaandika majina yake matatu, akaongeza na la marehemu mumewe. Amri niliyotumia, strcpy, hunakili tu bila kuuliza kama pana nafasi. Herufi zikafurika hadi chumba cha jirani, nilimohifadhi mchango, na kompyuta ikazisoma kama tarakimu. Mama wa watu akaonekana amechanga zaidi ya shilingi bilioni moja!

Mweka hazina hakucheka. Alitaka kujua pesa hizo ziko wapi, na mama yule akatoka mkutanoni akilia.

Makosa ya aina hii yamewaumbua hata mabingwa. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu ya kulinda siri za intaneti, nayo ya C vilevile. Seva iliamini urefu iliotajiwa bila kuupima, ikamwaga hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake kila ilipoulizwa.

Kesho yake nilikwenda kuomba radhi. Mama akanikaribisha chai, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama imempasa kuliondoa jina la mumewe ili mashine itulie.

"La, mama," nikamjibu. "Mashine ndiyo itakayoongezewa nafasi."

Usiku ule nikaifuta strcpy. Siku hizi programu hupima jina kwanza, ndipo ikatenga vyumba.