Ukiombwa mtoto wako ashiriki utafiti: mambo ya kujua kabla ya kuweka sahihi

Umekaa kwenye benchi la kliniki ukisubiri mtoto apimwe uzito. Anakuja mtu mwenye kitambulisho shingoni na karatasi mkononi. Anakusalimia, kisha anasema: "Mama, tunafanya utafiti. Tunaomba mtoto wako ashiriki." Utamjibu nini?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na swali hili naletewa mara nyingi na akina mama na mabibi wanaolea wajukuu. Wapo wanaokubali haraka kwa kuogopa kumuudhi mhudumu. Wapo wanaokimbia kwa sababu wamesikia habari za mumiani na damu inayouzwa. Makala hii ni ya wote.

Utafiti una tofauti gani na matibabu?

Matibabu yanamhusu mtoto wako: anaumwa, anapimwa, anapewa dawa inayojulikana. Utafiti unatafuta jibu la swali ambalo bado halina jibu, ili watoto wengi wasaidike baadaye. Mtoto wako anaweza kunufaika, na anaweza asinufaike. Ndiyo maana mtafiti hana haki ya kuanza lolote kabla hujakubali.

Tafiti si za aina moja:

- Utafiti wa maswali. Mnakaa nyumbani, unaulizwa kuhusu uzazi, chakula, mapato au huduma uliyopata zahanati.
- Utafiti wa vipimo. Mtoto anapimwa urefu, uzito, au anachukuliwa damu, choo au mkojo.
- Utafiti wa majaribio. Dawa, chanjo au njia ya matibabu inalinganishwa na nyingine. Mara nyingi watoto hupangwa makundi kwa kura, na si daktari anayechagua nani aingie kundi gani.

Maswali ya nyumbani yana faida gani?

Akina mama wengi huniambia, "Wanakuja, wanauliza, wanaondoka. Sisi tunapata nini?" Malalamiko hayo yana ukweli, na watafiti wanapaswa kurudisha majibu kijijini. Lakini tazama kilichotokea Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia miaka ya 1990.

Katika wilaya hizo, Wizara ya Afya na washirika wake waliendesha mradi uliojulikana kama TEHIP. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na alikuwa na dalili gani. Watu wengi walikuwa wanafia nyumbani, kwa hiyo vifo vyao havikuonekana kwenye madaftari ya hospitali. Taarifa za kaya zilionyesha kwamba malaria ilikuwa inabeba sehemu kubwa ya mzigo wa magonjwa, huku fedha zilizotengwa kwa ajili yake zikiwa kidogo. Timu za afya za wilaya zilipanga upya bajeti kufuata magonjwa yanayoua watu wao. Ndani ya miaka michache, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Mama aliyekaa mkekani akajibu kwa uchungu kwamba mtoto wake alifariki baada ya homa na degedege hakumrudisha mtoto wake. Lakini jibu lake lilisaidia kuonyesha fedha ziende wapi.

Kwa nini watufanyie majaribio sisi?

Hili ni swali la haki. Jibu fupi ni kwamba ugonjwa uliopo kwetu unapaswa kuchunguzwa kwetu. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, na hapa Tanzania ilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa watoto wanaoishi kwenye maeneo yenye malaria. Isingewezekana kujua kama inawakinga watoto wetu kwa kuijaribu mahali pasipo na malaria.

Kuna mfano mwingine ambao mimi kama muuguzi siusahau, kwa sababu unahusu kitu tulichodhani tunakijua.

Mtoto akiletwa na homa kali, anapumua kwa shida, mikono na miguu imekuwa ya baridi, damu yake haizunguki vizuri. Madaktari wengi duniani walifundishwa kumpa maji mengi ya dripu kwa haraka. Ilionekana ni jambo la wazi kabisa. Lakini hakuna aliyekuwa amelipima vizuri kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali na maambukizi mengine makali.

Mwaka 2009 utafiti ulioitwa FEAST ulianza katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa Muheza, Tanga. Katika kundi kuu la watoto 3,141, baadhi walipewa dripu ya haraka na wengine hawakupewa. Wote waliendelea kupata dawa, na wanaohitaji oksijeni au damu walipewa. Wengi walitarajia dripu ya haraka iokoe maisha. Baada ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa dripu ya haraka walikuwa wamefariki kama 10 au 11. Kwa wasiopewa walifariki kama 7. Kamati huru iliyokuwa inaangalia usalama ilipoona hali hiyo, utafiti ulisimamishwa mapema, mwaka 2011.

Nitasema wazi: katika utafiti huo, watoto waliopewa kile kilichoaminika ni msaada walifariki zaidi. Ni jambo zito, na familia zile hazipaswi kusahauliwa. Lakini bila utafiti ule, tungeendelea kutoa dripu hiyo kwa watoto wa aina ile tukiamini tunawasaidia, na hakuna ambaye angejua. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba utafiti hauna hatari yoyote. Muulize hatari ni ipi, na nani anaiangalia.

Angalizo muhimu: utafiti huo haukuwahusu watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha. Mtoto anayeharisha anahitaji maji. Mpe ORS, endelea kumnyonyesha, na muwahishe kituoni ambako atapewa pia zinki.

Karatasi niliyoiharakisha

Nilipokuwa mgeni kazini, nilimsaidia mtafiti mmoja wodini. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye nimonia, hajalala usiku mzima. Nikamwambia, "Weka tu dole gumba hapa, mama, ni karatasi ya utafiti." Akaweka. Asubuhi yake aliniita kwa sauti ya chini: "Nesi, ile karatasi niliyoweka dole jana, nimekubali nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwita mtafiti, tukakaa naye, tukamsomea karatasi yote kwa lugha anayoielewa. Aliuliza kama akikataa mtoto ataondolewa wodini. Tukamwambia hapana. Akasema, "Basi mimi sitaki, nataka mtoto apone twende nyumbani." Jina la mtoto likatolewa kwenye utafiti. Sindano zake ziliendelea saa zilezile, na siku ya tano wakaruhusiwa.

Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo siharakishi karatasi ya mtu.

Haki zako ni zipi?

- Kukubali au kukataa kwa hiari yako. Ukikataa, mtoto anaendelea kupata huduma ile ile ya kawaida, na hakuna mhudumu anayeruhusiwa kukutisha.
- Kujitoa wakati wowote, hata kama uliweka sahihi, bila kulazimika kueleza sababu.
- Kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Kama hujui kusoma, karatasi isomwe mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti huo.
- Kupewa muda wa kufikiri na kushauriana na mwenzako au mtu unayemwamini.
- Kubaki na nakala ya karatasi ya ridhaa yenye namba za simu za mtafiti na za kamati ya maadili.
- Kufichiwa siri. Majibu yako na vipimo vya mtoto visitangazwe kwa jina.

Mtoto mkubwa anayeelewa naye aelezwe na aulizwe. Na kama wewe ni bibi, shangazi au dada unayemlea mtoto, sema hivyo mapema, maana huenda ikabidi mzazi au mlezi wa kisheria ndiye atoe ridhaa.

Ikiwa ni dharura na akili haijatulia, utafiti fulani huruhusiwa kukuomba kibali kwa mdomo kwa kifupi, halafu ukaelezwa kwa kina baadaye mtoto akipata nafuu. Wakirudi kwako baadaye, sikiliza upya kama vile hujawahi kuulizwa. Bado unaweza kusema hapana.

Uulize maswali gani?

1. Mnatafuta kujua nini?
2. Mtoto wangu atafanyiwa nini ambacho asingefanyiwa kwa kawaida?
3. Kama ni damu, mtachukua kiasi gani, mara ngapi, na itapelekwa wapi? Omba waeleze kwa vijiko. Kijiko kimoja cha chai ni kama mililita 5.
4. Kuna maumivu au hatari gani? Akidhurika, nani atamtibu na nani atalipa?
5. Je, kuna kura? Mtoto akiangukia kundi lingine atapata nini?
6. Nitarudi mara ngapi, na nauli nitarudishiwa?
7. Majibu mtatuletea lini?

Mtafiti mzuri hakasiriki akiulizwa. Akikasirika au akikuharakisha, hiyo peke yake inatosha kusema, "Naomba nifikirie kwanza."

Nitajuaje kama ni utafiti wa kweli?

Tanzania Bara, utafiti wa afya unatakiwa uwe na kibali cha maadili kinachosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya. Watafiti wanaopita majumbani wanapaswa pia kujitambulisha kwa uongozi wa mtaa au kijiji. Kabla ya kumkaribisha mtu ndani, omba kuona kitambulisho na barua, kisha mpigie mwenyekiti au mtendaji umuulize kama anamfahamu. Huo si utovu wa adabu, ni ulinzi wa nyumba yako.

Jihadhari na mtu anayekudai fedha ili mtoto aingie kwenye utafiti, anayekuahidi kwamba mtoto atapona kwa hakika, au anayekataa kukuachia karatasi. Kurudishiwa nauli au kupewa sabuni kwa ajili ya muda wako ni jambo la kawaida. Lakini zawadi isiwe ndiyo sababu ya kumtoa mtoto.

La kukumbuka

Vyandarua vyenye dawa, chanjo za kliniki na ORS unayokoroga nyumbani vyote vilipimwa kwanza kwa watu waliokubali kushiriki. Kuna mama mahali fulani alisema ndiyo, na leo mtoto wako anafaidika. Siku ukiombwa wewe, una haki ya kusema ndiyo na una haki ya kusema hapana. Yote mawili ni majibu mazuri, mradi umeelewa ulichoulizwa.

Ukiwa na karatasi ya utafiti nyumbani ambayo hukuielewa, usiitupe. Ichukue uende nayo kituo cha afya kilicho karibu, au mwite mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako, msome pamoja mstari kwa mstari.