TUNZA MASIKIO YAKO: UZIWI WA KELELE HAUNA DAWA



Tangu dhahabu ilipogunduliwa Ituri mwaka 1903, mchimbaji anatumia masikio kama anavyotumia mikono. Kabla ya kuanza kazi chini ya ardhi, hugonga mwamba wa juu kwa chuma na kusikiliza. Mwamba mzima hulia wazi. Mwamba uliolegea hutoa sauti nzito, kama ngoma. Asiyeweza kutofautisha sauti hizo yumo hatarini, na wenzake pia.

Kelele huharibu sikio namna gani?

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojipinda mfano wa nyumba ya konokono. Humo mna chembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Sauti ikiingia, vinyweleo hutikisika na habari hufika kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha chembe hizo, mwishowe huziua. Zikifa haziti tena mizizi, wala hakuna sindano ya kuzifufua.

Hasara huja polepole, bila maumivu. Kwanza hupotea sauti nyembamba: ndege, mtoto, filimbi ya onyo. Mtu husema, "Nasikia, lakini sielewi maneno."

Kiasi gani ni hatari?

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kwa desibeli 85, mwisho ni masaa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka 3, muda hupungua nusu: desibeli 88, masaa 4; 91, masaa 2; 100, dakika 15 tu. Mashini ya kutoboa mwamba hupita 100. Huna kipimo? Ukilazimika kupiga kelele ili mwenzako aliye umbali wa mkono akusikie, ujue kelele imezidi.

Na baada ya kazi?

Wengine wakitoka kazini huvaa spika ndogo za masikioni na kufungua muziki mpaka mwisho, ili ushinde pikipiki na jenereta za Bunia. Simu yaweza kufika desibeli 100. Sikio halichagui kati ya rumba na mashini, na lililochoka kutwa linahitaji kupumzika.

Basi fanya hivi:

1. Vaa vizibo vya masikio kabla mashini haijawaka. Kisokote kizibo kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kishike mpaka kivimbe. Pamba haitoshi.
2. Usivae spika za muziki kazini. Hutasikia gari wala onyo.
3. Sauti ya simu isizidi asilimia 60.
4. Masikio yakivuma baada ya kazi, nenda kwa mganga. Mtajie dawa unazotumia, kwani kinini nayo huweza kuyavumisha.

Fedha iliyopotea hutafutwa tena; usikivu uliopotea haurudi. Kinga masikio yako leo!