Kwa nini twita huungua katikati ya sherehe?

Desemba, ndugu wanaporudi Kilimanjaro, harusi na kipaimara hufuatana kutoka Machame hadi Rombo. Ndipo wasikilizaji wetu hutuuliza: mbona twita zinaungua? Mara nyingi kosa si la spika.

Besi hula nguvu nyingi kuliko sauti nyembamba. Amplifaya moja ikibebeshwa kila kitu na kufunguliwa mpaka mwisho, huzidiwa. Sauti hukwaruza, na mikwaruzo hiyo hufika kwenye twita na kuziunguza.

Dawa ni kugawana kazi. Kifaa kiitwacho krosova huwekwa kati ya miksa na amplifaya mbili. Sauti nzito huzipeleka kwenye amplifaya ya besi, nyembamba kwenye amplifaya ya twita. Hata besi ikizidiwa, twita haziguswi na mshereheshaji anaendelea kusikika.

Tahadhari: fundi airuke krosova iliyomo ndani ya boksi la spika, na asichanganye nyaya. Waya wa besi ukiingia kwenye twita, inaweza kuungua papo hapo. Jaribuni kwanza kwa sauti ya chini.

Una amplifaya moja tu? Ikianza kukwaruza, punguza.