Mafunzo ya kompyuta kwa wafanyakazi: njia ipi inafaa?

Kampuni ndogo za Tarime na Serengeti huuza vyakula, vifaa na huduma za usafi kwa halmashauri, hoteli za watalii na mgodi wa North Mara kule Nyamongo. Siku hizi kupata kazi hizo kunahitaji kompyuta. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali zinapitia mfumo wa NeST, na saa ya mwisho ikifika, mfumo unafunga. Kama anayejua kuingia ni mtu mmoja tu, naye yuko msibani, kampuni inakosa zabuni na vibarua wanakosa kazi.

Mwajiri anawezaje kuwafundisha watu wake? Tunaeleza njia tatu.

Kumpeleka mfanyakazi chuoni

Anasoma kwa utulivu na kurudi na cheti. Njia hii inamfaa anayeanza kabisa, asiyejua hata kuwasha mashine. Tatizo ni kwamba anafundishwa mambo ya jumla. Akirudi kazini asipopewa kompyuta ya kutumia, baada ya miezi michache amesahau.

Mwalimu kuja kazini

Wafanyakazi wanajifunza kwa kazi yao halisi. Mtunza stoo anaingiza mali yake kwenye Excel, karani anaandika ankara, mhasibu anajumlisha mishahara. Saa moja au mbili kwa wiki, kwa wiki kadhaa, hushinda siku tatu mfululizo za kusikiliza tu. Kila mtu ashike mashine mwenyewe. Mwalimu aeleze kwa Kiswahili, lakini maneno ya Kiingereza yanayoonekana kwenye kioo ayataje yalivyo, maana ndiyo watakayokutana nayo.

Anayejua kumfundisha mwenzake

Ni njia nafuu, lakini inataka utaratibu. Mwajiri ampe anayefundisha muda maalumu, na hatua za kila kazi ziandikwe kwenye daftari linalobaki ofisini. Bila hivyo, anayejua hukamata mashine na kumaliza kazi mwenyewe, mwenzake akibaki mtazamaji.

Kwa maoni yetu, kwa kampuni ndogo njia ya pili na ya tatu ziende pamoja, na chuo kibaki kwa wanaoanza. Lengo liwe angalau watu wawili kwa kila kazi muhimu.

Nani analipa?

Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL. Tozo hii ni ya mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wako, na sehemu yake huenda VETA. Kwa upande wa madini, kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania zinazitaka kampuni ziwe na mpango wa ajira na mafunzo kwa Watanzania.

Kabla ya kukubali mafunzo, muulize mwajiri wako mambo matatu: nani analipa ada, kama muda wa kusoma unahesabiwa kuwa kazi, na kama kuna sharti la kubaki kazini kwa kipindi fulani baadaye. Majibu yaandikwe.

Na jinsi ya kupima mafunzo ni rahisi. Wiki ya kwanza baada ya kumaliza, mfanyakazi apewe kazi aliyofundishwa, aifanye peke yake. Akikwama, afundishwe tena pale alipokwama.