Nguvu Yenye Adabu: Watoto Wetu na Mashindano ya Karate, Judo na Taekwondo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ndugu wazazi, akina mama wa Diani, Ukunda na Msambweni hutuuliza: je, yafaa mtoto aingie mashindano ya karate, judo au taekwondo shuleni? Wanachelea kwamba anayefunzwa kupiga atarudi nyumbani mkorofi. Hofu hii si ya bure, kwani wapo vijana wa pwani yetu waliokwisha kuchukuliwa na magenge na mihadarati. Lakini sisi twaona kwamba nguvu za ujana hazizimiki, hutiwa adabu.

Jambo hili si geni katika dini. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mieleka na Rukana, akamwangusha. Na kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, kijana Samura bin Jundub alipomwangusha mwenzake Rafii bin Khadij, naye akaruhusiwa kujiunga na jeshi. Wala si geni pwani: katika kirumbizi cha Lamu, wawili huingia uwanjani na bakora, ngoma na zumari zikilia, watu wakiwazunguka.

Hapo ndipo mashindano yanapoyapita mazoezi. Mazoezini mtoto hujifunza kupiga. Mashindanoni hujifunza kujizuia, kwani mwamuzi humwadhibu avukaye mpaka. Hushindwa mbele ya mama yake na wenziwe, kisha humpa mkono aliyemshinda. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu hasa si awaangushaye watu, bali ni aimilikiye nafsi yake aghadhibikapo. Na uwanja wa shule ukijaa wazazi, walimu na majirani, mtoto hutambua kuwa nguvu zake zina mashahidi.

Yapo masharti. Kwanza, tumekatazwa kupiga uso. Judo haina kupiga; taekwondo yakataza ngumi za kichwani, ingawa yaruhusu teke; na katika kata za karate mtoto huonyesha miondoko bila mpinzani. Mzazi na aulize sheria kabla ya kutia saini. Pili, rukuu ni ya Mwenyezi Mungu pekee. Tuzungumze na mwalimu mapema, mtoto aamkie kwa kuweka mkono kifuani. Tatu, mabinti wapambane wao kwa wao, kwa stara na chini ya mwalimu wa kike. Hijabu haizuii: Hedaya Malak wa Misri aliivaa akapata medali ya shaba ya taekwondo katika Olimpiki ya Rio, 2016. Nne, ratiba isiipitishe Sala.

Basi siku ya mashindano, mama asimwachie mwalimu peke yake, aende akatazame. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wallahu aalam.