Uzamili katika uchumi wa kitakwimu

Uzamili katika uchumi wa kitakwimu ni masomo ya chuo kikuu baada ya shahada ya kwanza, ambapo mwanafunzi hujifunza kutumia hisabati na takwimu kujibu maswali ya uchumi. Mfano wa maswali hayo ni: je, ruzuku ya mbolea huongeza mavuno ya mkulima? Kwa kawaida masomo huchukua mwaka 1 hadi 2, na mara nyingi humalizika kwa tasnifu.

Historia

Elimu inayobeba masomo haya huitwa ekonometriki. Jina hilo lilitumiwa kwa maana yake ya sasa na Mnorwei Ragnar Frisch mwaka 1926. Mwaka 1930 Frisch alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Jumuiya ya Ekonometriki huko Cleveland, Marekani. Mwaka 1969 yeye na Mholanzi Jan Tinbergen walikuwa wa kwanza kupokea Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Masomo

Misingi ni mitatu: uchumi wa kaya na makampuni, uchumi wa taifa zima, na mbinu za takwimu. Hutumiwa pia programu za kompyuta kama Stata na R.

Wanaokwama, wengi wao hukwama kwenye hisabati. Anayeingia bila msingi wa kalkulasi, matriksi na uwezekano hulazimika kujifunza hayo huku wenzake wakisonga mbele. Hivyo maandalizi yanapaswa kuanza wakati wa shahada ya kwanza, au hata sekondari.

Kutafuta sababu

Kazi kubwa ya mtaalamu ni kutofautisha mambo yanayotokea pamoja na mambo yanayosababishana. Shule yenye vitabu vingi inaweza kufaulisha kwa sababu wazazi wa eneo hilo wana uwezo, wala si kwa sababu ya vitabu.

Mfano maarufu unatoka Busia, Kenya. Kuanzia mwaka 1998, shule za msingi 75 ziligawanywa katika makundi 3, na wanafunzi wakapewa dawa za minyoo kwa zamu, kundi baada ya kundi. Kwa kulinganisha makundi hayo, Edward Miguel na Michael Kremer walionyesha mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo, lakini alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2015 watafiti wengine walizichambua upya takwimu hizo na kuzusha mjadala mkali. Kremer alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Afrika Mashariki

Muungano wa Utafiti wa Kiuchumi wa Afrika (AERC), wenye makao Nairobi, ulianzishwa mwaka 1988. Tangu mwaka 1993 umeendesha uzamili wa uchumi kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya nchi mbalimbali, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wahitimu wa fani hii huajiriwa katika benki kuu, wizara za fedha, ofisi za takwimu na vyuo.